Asiyekuwapo na Lake Halipo

Methali isemayo kwamba asiyekuwapo na lake halipo yamkini ilizaliwa penye sinia la wali, si penye kiti cha hakimu. Watu wanakula, mmoja amechelewa, na mkono wake haumo sinianini. Akija akakuta sinia tupu hana wa kumlaumu, kwani njaa ya waliokuwapo haikuwa na wajibu wa kuingoja miguu ya asiyekuwapo. Kwa mambo ya sinia methali hii ni ya haki, tena ina faida ya kuwafundisha watoto kuwahi. Shida huanza inapotolewa jikoni ikapelekwa mahakamani, ikavishwa joho na kuambiwa iamue kati ya mtu na mtu. Hapo huulizwa swali ambalo sinia haikupata kuulizwa: mtu aliyedai haki yake, kisha akanyamaza, je, ameiacha? Na ikiwa mtu huyo ni mfungwa, na anayedaiwa ndiye aliyeushika ufunguo wa chumba chake, je, kimya hicho ni cha mfungwa, au ni cha mwenye ufunguo?

Swali hili sikulitoa vitabuni. Nina jirani Ilula, wilayani Kilolo, katika ile njia kuu ipandayo kutoka Kitonga kwenda Iringa, mahali ambapo wasafiri wengi wanapajua kwa nyanya na vitunguu vinavyouzwa kando ya barabara kuliko kwa jambo jingine lolote. Jina lake silitaji, wala kosa lililompeleka kifungoni silitaji, kwa sababu alilitumikia likaisha na halihusiani na habari hii. Alipokuwa gerezani, gereza ambalo nalo nitaliacha bila jina, alipigwa na askari, hata mkono wake wa kushoto ukapoteza nguvu ya kufumba ngumi. Mfungwa mwenziwe, aliyekuwa karani zamani, alimwandikia madai katika karatasi za daftari. Ilani ya siku 90 ambayo sheria humtaka kila anayeishitaki Serikali aitoe kwanza, ilitolewa. Shauri likafunguliwa, likapewa namba. Kisha akahamishwa gereza; kisha kifungo kikamalizika; naye akarudi nyumbani akashuka bondeni kulima vinyungu vyake kama walivyolima baba zake.

Anwani aliyokuwa ameiandika ni ya sanduku la posta la parokia. Atakaye kuelewa nchi yetu na aanze na sanduku la posta. Sanduku moja hubeba majina mia: walimu, wagonjwa, wanafunzi, wajane, wote kwa kupitia kwa fulani. Ufunguo wake ulikuwa kwa katekista, na katekista miezi ile alikuwa akimuuguza mkewe mbali. Barua ya kwanza ya mahakama ikalala sandukuni, ya pili ikalala juu yake. Ya tatu haikuwa wito tena, ilikuwa uamuzi. Aliniletea niisome, kwani ilikuwa ya Kiingereza. Mambo haya yalitokea kabla ya sheria ya mwaka 2021 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu.

"Kamwene, Mwalimu," alisema. "Nisomee hii."

Nikaisoma. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Kwa hiyo wamesema sikupigwa?"

"La, mzee. Hawakusema hivyo."

"Wamesema nilipigwa?"

"Wala hawakusema hivyo."

"Basi wamesema nini?"

"Wamesema hukuja."

Aliutazama mkono wake kwa muda, si kwa huzuni, bali kama mtu anayehakikisha kwamba kitu alichokiweka mahali bado kipo mahali pale.

Tuseme kwanza kwa uadilifu yale yanayoweza kusemwa kwa upande wa mahakama, kwani si machache. Sheria yetu ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, ambayo ni mtoto wa sheria ya India ya mwaka 1908 iliyoletwa Afrika ya Mashariki na Waingereza, ina Amri ya Tisa ihusuyo wanaofika na wasiofika. Wasipofika wote wawili, mdai na mdaiwa, shauri laweza kufutwa, lakini mdai anayo ruhusa ya kufungua jingine. Akifika mdaiwa peke yake, naye hakiri deni, shauri hufutwa. Na mdai hawezi kufungua jingine kwa jambo lile lile, illa aombe amri ile iondolewe kwa kuonyesha sababu ya kutosha ya kutofika kwake. Kanuni hii haikutungwa na watu wakatili. Nyuma ya kila jalada linalolala pana mlolongo wa majalada mengine: mjane anayedai shamba, mtoto anayedai matunzo, mfanyakazi anayedai mshahara. Saa ya hakimu ni sinia, nayo haitoshi. Tena mdaiwa naye ni mtu. Askari aliyesingiziwa, kama amesingiziwa, hastahili kulala miaka kumi na shutuma juu ya kichwa chake kwa kuwa aliyemshutumu amechoka au ameghairi au amepata pilau kwingineko. Shutuma isiyokwisha ni adhabu isiyokuwa na hukumu. Nayaandika haya bila kejeli. Atakayeandika juu ya haki ya mdai bila kuukumbuka usingizi wa mdaiwa atakuwa ameandika wakala wa upande mmoja.

Katiba yetu yenyewe inaujua ugumu huu. Ibara ya 107A, iliyoingizwa mwaka 2000, inaziamuru mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Na katika ibara hiyo hiyo, mistari michache chini yake, inaziamuru zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yawezayo kuikwamisha. Amri mbili, ndugu wa tumbo moja, na kila mmoja anavuta shuka upande wake. Anayefuta shauri la mfungwa aweza kusimama juu ya ile ya kwanza. Anayelirudisha aweza kusimama juu ya ile ya pili. Sheria haikutuambia tuvunje wapi, nayo imetuachia sisi tufikiri.

Ziko nchi ambazo mambo haya hutokea kila wiki. Katika Marekani mfungwa anaweza kumshitaki ofisa wa jimbo aliyemnyima haki zake kwa kutumia sheria iliyotungwa mwaka 1871, wakati wa vita dhidi ya kundi la Ku Klux Klan, na mashauri ya namna hii ni mengi mno, hata mwaka 1996 Baraza la Kutunga Sheria la huko likaona lijenge ua mbele yake: kwanza mfungwa amalize njia zote za malalamiko ndani ya gereza, na ada ya mahakama ailipe, japo kidogo kidogo, kutoka katika vijisenti vyake. Wanaovuka ua huo huandika wenyewe, bila wakili. Kisha huhamishwa, au huachiwa, na barua ya mahakama humfuata mtu katika chumba alichokwisha kukitoka. Hurudi na mhuri wa posta kwamba haikuweza kufikishwa. Hapo Kanuni ya 41 ya mwenendo wa madai wa mahakama za shirikisho humruhusu jaji kulifuta shauri kwa kuwa mdai hakuliendeleza. Na kanuni hiyo yasema kwamba kufutwa huko, jaji asiposema vingine, kutahesabiwa kuwa ni hukumu juu ya kiini cha madai yenyewe. Laiti jirani yangu angekuwa huko, ningalilazimika kumpa jibu jingine lililo baya zaidi: ndiyo, mzee, ni kana kwamba wamesema hukupigwa.

Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliithibitisha kanuni hiyo mwaka 1962, katika shauri la Link dhidi ya kampuni ya reli ya Wabash. Mtu yule hakuwa mfungwa. Alikuwa ameumizwa penye makutano ya barabara na reli, akafungua shauri, likakaa miaka sita. Siku moja wakili wake hakufika katika kikao cha matayarisho, na jaji akalifuta shauri zima. Jaji Harlan, akiandika kwa niaba ya wingi mdogo wa wenziwe, alishikilia kwamba mtu aliyemchagua wakili amefungwa na matendo ya wakili wake. Jaji Black alipinga, kwa kuwa aliona si haki mtu aadhibiwe kwa kosa la mwingine. Mimi huona kwamba wote wawili walikuwa wakibishana juu ya jambo moja lililo ndani ya methali yetu: yule asiyekuwapo ni nani hasa? Kama ni wakili hakuwapo, kwa nini lipotee la mteja?

Na huko huko, mwaka 1988, mahakama ile ile ilikutana na mfungwa wa jimbo la Tennessee aliyepewa siku 30 za kutoa taarifa ya rufani. Siku ya 27 alimkabidhi ofisa wa gereza karatasi zake. Zikafika katika masjala ya mahakama siku ya 31. Siku moja! Majaji waligawanyika watano kwa wanne, na wale watano wakasema kwamba taarifa ya mfungwa huhesabiwa kuwa imetolewa pale anapoiweka mikononi mwa gereza, kwa kuwa tangu hapo haina mguu wa kwake. Hawezi kwenda posta, hawezi kupiga simu masjala, hawezi kusimama dirishani akangoja mhuri. Hukumu hii ilikuwa ni fikira, kabla ya kuwa sheria. Ilikubali kwamba gereza limekwisha kuwa miguu ya mfungwa, na ikiwa miguu imechelewa mwenye miguu asilaumiwe kwa kutotembea. Wala fikira hiyo si ngeni kwetu. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 humruhusu mrufani aliye gerezani amkabidhi mkuu wa gereza karatasi za rufani, naye mkuu wa gereza azifikishe kwa msajili. Lakini tazama: ruhusa hiyo ni ya rufani ya jinai, yaani pale mfungwa anapokanusha kosa lake. Pale anapodai kosa la wengine juu yake, arudi katika Amri ya Tisa pamoja na watu huru, kana kwamba naye ana baiskeli.

Hapa ndipo nionapo mzizi wa jambo. Kutofika kwa mtu huru ni tendo. Alikuwa na barabara, alikuwa na asubuhi, akachagua kwenda sokoni. Tunaweza kukisoma kimya chake kama tusomavyo maandishi. Kutofika kwa mfungwa si tendo lake, kwani mwili wake umo katika milki ya mwingine, na mara nyingi mwingine huyo ndiye mdaiwa, au ni mtumishi wa mdaiwa. Ili mfungwa afike mahakamani katika shauri la madai pana budi iwepo amri ya kumtoa, liwepo gari, wawepo askari wa kumsindikiza, liwepo na petroli. Kama amri ya kumleta haikutolewa, au gari limeharibika, kimya kinachosikika mahakamani ni cha gari. Aristotle, katika kitabu cha tano cha maadili yake kwa Nicomachus, alieleza kwamba sheria kwa kuwa husema kwa ujumla haina budi kukosea mahali fulani, na ya kwamba iko haki iliyo bora kuliko haki ya herufi, ambayo hujipinda kulifuata umbo la jambo kama ile rula ya risasi waliyoitumia wajenzi wa Lesbos kupimia mawe yasiyonyooka. Mfungwa ni jiwe lisilonyooka. Ukimpima kwa rula ya chuma utapata kipimo, walakini si kipimo chake.

Yafaa pia tuulize mambo huwaje Serikali yenyewe inapokuwa ndiyo mdai, isifike. Kila mtu aliyepata kukaa katika benchi za mahakama zetu anayajua maneno yale mawili, upelelezi haujakamilika, na anajua jinsi yalivyorudiwa mwezi baada ya mwezi huku mahabusu akirudishwa mahabusu. Sheria iliweka mpaka: kwa makosa yasiyo yale makubwa yaliyotengwa, ahirisho lisizidi siku 60, na kwa hati maalumu za wakubwa wa upelelezi na wa mashitaka lisizidi miezi 24 kwa jumla. Mpaka ukifika, mshitakiwa huachiwa. Lakini sheria iyo hiyo ikatangaza kwamba kuachiwa huko si kizuizi cha kushitakiwa tena, na wako walioachiwa na hakimu wakakamatwa kabla hawajaufikia mti wa mwembe nje ya mahakama. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili mashitaka yasifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika, illa kwa makosa makubwa, na rekebisho hilo ni la kusifiwa. Hata hivyo ule msingi wa zamani unatufundisha kitu. Mdai mwenye dola alipolala, lake lilibakia. Alipolala mdai aliyefungwa, lake lilizikwa. Asiyekuwapo na lake halipo: methali ile haikuwa ikisemwa kwa wote.

Nenda Arusha, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, utakuta majalada mengi yaliyotoka katika magereza ya Tanzania. La kukumbukwa zaidi ni lile Namba 005 la mwaka 2013, Alex Thomas dhidi ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Mwombaji alikuwa mfungwa katika gereza la Karanga, Moshi, aliyehukumiwa mwaka 1998 kifungo cha miaka 30. Zamu ya kujitetea ilipofika alikuwa amelazwa hospitalini. Mahakama ya wilaya haikumngoja. Ikaendelea bila yeye, ikamtia hatiani na kumhukumu. Asiyekuwapo! Na mahali alipokuwapo palijulikana, kwani mahabusu hajilazi mwenyewe. Alikuwa pia hana wakili tangu mwanzo hata mwisho. Miaka ikapita juu ya rufani zake, moja ikikwama kwa hili na nyingine kwa lile. Mnamo tarehe 20 Novemba, 2015, Mahakama ya Afrika ilisema kwamba haki yake ya kusikilizwa ilivunjwa: kwa kuhukumiwa bila kujitetea, kwa kukosa msaada wa wakili, na kwa kucheleweshwa. Ikaiamuru nchi irekebishe, lakini si kwa kumfungulia utetezi upya wala kwa kumshitaki tena, maana mtu ambaye amekwisha kutumikia sehemu kubwa ya miaka 30 ukimwambia aje sasa ajitetee utakuwa unamfanyia mzaha. Miezi minne baadaye, tarehe 18 Machi, 2016, Mahakama hiyo ilitoa hukumu nyingine, ya Wakenya walioshitakiwa Moshi tangu mwaka 2006, na humo pia ikaona kosa katika kucheleweshwa kwa kesi zao.

Haya nayataja kwa sababu mbili. Kwanza, yanaonyesha kwamba fikira ninayoitetea si ndoto ya mwalimu wa lugha: wako majaji waliokaa wakaona kwamba kutokuwapo kwa aliyefungwa ni jambo la kuulizwa sababu, si la kutumiwa kama jibu. Pili, mlango ule nao umekuwa mwembamba. Mwezi Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuiendea Mahakama hiyo moja kwa moja, na kuondolewa huko kukaanza kazi mwezi Novemba 2020. Na kanuni za Mahakama yenyewe za mwaka 2020 zinairuhusu kulifuta katika orodha ombi ambalo mwombaji ameshindwa kuliendeleza. Hata pale, kumbe, sanduku la posta lina nguvu.

Sasa nirudi kwenye swali la kwanza, je, aliyenyamaza ameacha? Wanasheria wa Kiislamu walilishughulikia zamani, nao walitofautiana kwa namna inayonufaisha. Wafuasi wa Abu Hanifa hawakumpenda kadhi amhukumu mtu asiyekuwapo. Wafuasi wa Shafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, waliruhusu, lakini wakamwekea mdai masharti ya ushahidi na kiapo, kana kwamba kiapo kinajaribu kukaa katika kiti kitupu cha yule mwingine. Na walipotunga Waturuki wa Dola ya Osmani ile Mejelle yao katika karne ya 19, waliandika kanuni ambayo naiona ni moja ya kauli safi kabisa katika sheria za walimwengu: haki haipotei kwa kupitwa na wakati. Muda ukipita kadhi haisikilizi tena daawa. Hilo ni katazo juu ya sikio la kadhi. Haki yenyewe iko pale pale ilipo, na mdaiwa akikiri mbele ya kadhi kwamba anadaiwa, basi hulipa, ijapokuwa miaka imepita mingi. Tofauti kati ya sikio na haki ndiyo jirani yangu aliyoiuliza kwa maneno machache kuliko haya yangu yote. Alitaka kujua kama wamefuta shauri au wamefuta kipigo.

Kwetu Iringa tunao mfano wa madai yaliyolala muda mrefu yasifutwe. Mtwa Mkwawa alijiua kwa bunduki mwezi Julai mwaka 1898 asipate kutekwa na Wajerumani. Kichwa chake kikakatwa na kuchukuliwa. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, Horace Byatt, aliyekuwa akiitawala nchi kwa niaba ya Waingereza, akapendekeza kidaiwe. Na katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kati ya mambo makubwa ya mipaka na malipo ya vita, kikaandikwa kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ilitoe fuvu la Mkwawa katika muda wa miezi sita. Miezi sita ilipita. Ikapita miaka sita, ikapita ishirini, vikaja vita vingine na kwisha. Gavana Edward Twining alipokwenda Bremen mwaka 1953 akalichagua katika mafuvu mengi kwa kulipima (na wako wanaotilia shaka hata leo kama ndilo lenyewe, lakini hilo tuliache), akalikabidhi Kalenga tarehe 19 Juni, 1954, mbele ya mjukuu wake, Chifu Adam Sapi. Miaka 35 tangu mkataba. Hakuna aliyesimama akasema kwamba mdai hakuliendeleza shauri lake, ati fuvu sasa ni mali ya jumba la makumbusho. Nilipokuwa kijana nilidhani ni kwa sababu ya ukubwa wa Mkwawa. Siku hizi nafikiri ni kwa sababu mdai katika karatasi hakuwa Mhehe bali ni dola ya Uingereza, na madai yenye dola nyuma yake hayazeeki. Jirani yangu, aliyezaliwa si mbali na Kalenga, hana dola nyuma yake. Dola iko mbele yake, upande wa pili wa meza.

Nini basi kifanyike? Mimi si mwanasheria, na nayasema haya kama mtu aliyesomea maneno, ambaye amejifunza kutokiamini kimya mpaka amekiuliza kimetoka wapi. Naona mahakama, kabla ya kulifuta shauri la mtu aliyelifungua akiwa kifungoni, ingefaa imuulize mdaiwa kwanza: mtu wako yuko wapi? Gereza lina daftari. Linajua lilimhamishia wapi na lilimfungulia lango siku gani, na aliposema anakwenda kijiji gani. Mzigo wa kumtafuta uwe juu ya yule aliyekuwa amemshika, si juu ya sanduku la parokia. Ikiwa ameachiwa, mwenyekiti wa kijiji aulizwe. Katika kijiji cha Kihehe hakuna mtu asiyejulikana alipo, hata kama hana anwani. Akiulizwa akasema mwenyewe kwamba amesamehe au amechoka, shauri lifutwe siku hiyo hiyo, na askari alale usingizi wake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na wao wangeweza kuifanya kazi hii bila gharama kubwa. Na uamuzi uandikwe kwa lugha ambayo asiyefika aweza kuisoma, tena useme waziwazi, kwa sentensi moja tu, kwamba mahakama haikupima kama alipigwa au hakupigwa.

Nitaulizwa: kwa nini fadhili yote hii kwa wafungwa, na watu wema wanangoja? Swali hili huulizwa na watu ninaowaheshimu, na huficha fikira kwamba mfungwa amekwisha kuliacha lake siku alipoiba. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Watu hutaja methali hiyo kuwasifu maadui zao kwa shingo upande, lakini ina ukali zaidi ya huo. Inamfikiria mtu aliye chini ya kamba, ambaye wanaomnyonga wana sababu zao, tena labda nzuri. Na inasema kwamba hata pale, mkono ule ule ulioshika kamba unadaiwa. Haimwambii mnyonge afike kudai. Yasema mpeni.

Tulihesabu siku, mimi na mzee, chini ya mwavuli wa duka pale barabarani, mabasi yakipita na vijana wakiyakimbilia na ndoo za nyanya. Muda wa kuomba shauri lirudishwe ulikuwa umepita, kwa hiyo ilitupasa kuomba kwanza tuongezewe muda, ndipo tuombe kurudishiwa shauri. Kiapo kilitaka sababu ya kutosha. Nikamuuliza niandike nini.

"Andika nilikuwa kwenye vinyungu."

"Hiyo watasema si sababu, mzee."

"Andika hiyo. Ndiko nilikokuwa."

Nikaandika hiyo, nikaongeza habari ya kuhamishwa na ya sanduku la parokia. Alitia sahihi kwa mkono wa kulia, akiikandamiza karatasi kwa kiwiko cha kushoto isipeperuke. Mahali pa anwani alitaka iandikwe ya kwangu. Tarehe ya kusikilizwa bado haijapangwa, na kila Ijumaa kabla ya kushuka bondeni hupita mlangoni pangu kuuliza kama kuna barua.